Dirisha la Milimita

Baba mkubwa ni seremala, na mtaani wanamwita Milimita, maana hata banda la kuku analipimia rula. Wiki ile alikuwa na dirisha moja tu la kutengeneza, lakini lilimkosesha usingizi. Mama mwenye ghorofa ya pale kona alitaka kung'oa madirisha yake yote ya zamani, yale ya vibao vya kupitishia upepo, aweke ya alumini. Baba mkubwa akamwomba amwachie kwanza atengeneze moja jipya la mfano wa yale yale.

"Sawa, fundi," mama akasema. "Liweke katikati ya yale ya zamani. Nikisimama barabarani nikalijua, naita watu wa alumini. Nisipolijua, yaliyobaki yote ni kazi yako."

Baba mkubwa alipolimaliza na kulipachika, akanituma mimi kwanza. "Anzia kule mwanzo wa mtaa, kwenye nyumba yenye saa ukutani, uje polepole ukitazama juu kama mgeni. Ukifika kwa mama, niambie langu ni lipi. Na usinionee huruma."

Mtaa ule napita kila siku nikienda shule, kumbe nilikuwa naujua kwa miguu tu. Juu ya duka la vitambaa kuna roshani ya chuma iliyosukwa kama ukili. Jirani yake ni nyumba ya vigae vya kijani, paa lake limepinda ncha kama mabawa. Kisha nyumba ya ibada yenye kuba la rangi ya maziwa, kisha jumba la matao na nguzo nene, ambalo kivulini mwake anakaa fundi viatu. Watu walikuja kila mmoja na ujenzi wa kwao, wakajenga bega kwa bega, na hakuna aliyemziba mwenzake upepo. Nilikwenda kinywa wazi hadi nikamkanyaga muuza magazeti.

"Kijana, huko juu kumeanguka nini?"

"Hakuna, nashangaa tu."

"Shangaa, lakini shuka kwanza kwenye mguu wangu."

Kwa mama, nililijua mara moja. "La tatu kutoka kushoto."

Uso ukamshuka baba mkubwa. "Rangi?"

"Rangi iko sawa. Limenyooka mno."

"Kunyooka nako kumekuwa kosa?"

Nikamshika mkono tukarudi mtaani. Tao moja la lile jumba limelegea bega. Ua la chuma kwenye roshani limepungukiwa jani. Kuba lenyewe limekaa upande kidogo, kama kofia ya mtu mwenye furaha. Baba mkubwa alitazama muda mrefu.

"Na mimi miaka yote nasema hawa waliojenga walikuwa wazembe," akasema.

Kesho yake alilishusha dirisha, akanikabidhi rula, akachonga vibao vipya kwa jicho, huku amekunja uso kama anayemeza dawa chungu, kisha akalipachika tena.

Siku ya mama kuja, alisimama barabarani, akahamia ng'ambo, akarudi.

"Nimelijua," mama akasema. "Lile la mwisho, kulia."

Baba mkubwa akakohoa kuficha kicheko. "Lile, mama, umeolewa umelikuta."

Mama akatazama tena, kisha akacheka mwenyewe. "Haya, fundi. Alumini ibaki huko huko dukani."

Sasa yuko kwenye dirisha la nne. Rula bado ninayo mimi. Jana aliniomba.

"Ya kupimia nini?"

"Nijikune mgongo tu, mwanangu."

Sikumpa. Nilimkuna mwenyewe.