Maneno ya Mama Chini ya Picha

Papa, baba yangu, alipoteza masikio yake asubuhi moja, katika zile siku ambazo majeshi mawili ya wageni yalipigana Kisangani kana kwamba mji haukuwa na watu ndani. Bomu lilianguka kwenye ua wa jirani. Sisi wawili tulikuwa tumelala kifudifudi chini ya meza ya kulia, yeye upande wa dirisha. Alipoinuka hakuwa na jeraha, ila uzi wa damu uliotoka sikioni ukashuka shingoni.

"Mbona unafungua kinywa bure?" akaniuliza kwa sauti kubwa. "Sema!"

Nilikuwa nasema. Nilikuwa napiga kelele.

Mama hakuwepo. Miezi minane kabla ya hapo, Papa alimpandisha ndege ya mizigo kwenda Butembo, kwa kaka yangu, akiamini kuwa kule kwa ndugu zetu kulikuwa na usalama zaidi. Mama hakutaka. Nilikuwa jikoni walipogombana.

"Miye ntabakia na weye," Mama alisema. "Kama ni kufa, tutakufa wote hapa."

"Utaenda. Ni miye nasema."

Akaenda, na hakugeuka kutupungia mkono uwanjani.

Huko Butembo ugonjwa ulimshika tumboni. Habari tulizipata kwa phonie, ile redio ambayo watu walipangia foleni ili waongee na miji mingine, kila mtu akisikia mambo ya mwenzake. Siku kaka aliponiambia Mama amefariki, watu saba nyuma yangu walisikia pamoja nami. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Tangu masikio ya Papa yafe tulikuwa tunaongea kwa daftari, mimi naandika, yeye anajibu kwa mdomo. Niliandika: Mama amekufa. Alisoma, kisha akafunua ukurasa wa nyuma, kama mtu anayetafuta maneno mengine.

Wiki tano baadaye mfanyabiashara mmoja aliyeshuka na ndege ya mizigo alituletea CD iliyofungwa kwenye gazeti. Barua ya kaka ilieleza. Siku kumi kabla ya kufa, Mama aliomba apigwe video ili aongee na mume wake. Alitaka kukaa peke yake na mpiga picha, wengine wote watoke nje. Kanda ilipelekwa Kampala ikahamishiwa kwenye CD. Kaka aliongeza kwamba hawakuthubutu kumwambia Mama kuwa Papa ni kiziwi kabisa. Walimwambia tu kwamba anasikia kidogo.

Kompyuta tulikuwa nayo. Nilikuwa sekretari katika kampuni ya mbao, na mkurugenzi wangu alipokimbia vita aliniachia mashine yake nzito, pamoja na programu aliyotumia kuangalia sinema. Umeme ulikuwa unakuja kwa zamu. Mtaa wetu uliupata saa za mchana, mara tatu kwa juma.

Mara ya kwanza nilipoiweka ile CD, picha ilitembea hatua tatu na kusimama, ikatembea tena. Sauti ya Mama iliendelea mbele huku uso wake umebaki nyuma. Hata hivyo alikuwa yeye, na kitambaa chake cha kijani kichwani, amekonda hadi mashavu yameingia ndani. Papa alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza.

"Anasema nini?"

Nikawa nasimamisha picha kila baada ya sentensi mbili, naandika kwenye daftari. Alivumilia kwa robo saa, kisha akalisukuma daftari likaanguka.

"Nikisoma, simuoni. Nikimuona, sisikii. Iko kazi gani hii?"

Hapo nikakumbuka sinema za mkurugenzi wangu, zilizokuwa na maandishi chini ya picha. Niliwahi kulifungua faili moja la maandishi hayo na kuona lilivyo jepesi: namba ya sentensi, saa ya kuanza, saa ya kuisha, kisha maneno. Unaliita kwa jina lilelile la video, unaliweka kando yake, programu inayaonyesha yenyewe. Nikamwandikia Papa: Nipe muda. Nitaandika maneno yake chini ya uso wake.

Nilifanya kazi wiki mbili, kila zamu ya umeme. Nilihesabu muda kwa saa yangu ya mkononi, sikio kwenye spika. Nilipomaliza, hakuna herufi hata moja iliyotokea. Nilibadilisha jina la faili, nikaandika upya alama zote kati ya dakika na sekunde, nikazima mashine na kuiwasha. Hakuna kitu. Papa alikuwa ameketi nyuma yangu siku zote hizo, amevaa shati safi. Siku ya nne ndipo nilipogundua kwamba kompyuta ilikuwa inaongeza mkia wake, nukta na herufi tatu, kwenye jina la faili na kuuficha nisiuone. Nikaukata huo mkia. Maneno yakatokea, meupe, chini ya kidevu cha Mama.

Lakini yalichelewa. Mama alikuwa amekwisha funga kinywa, na maneno yake ndiyo kwanza yanakuja. Nilikuwa nimehesabu muda kwenye picha inayokwamakwama, nikaingiza na mikwamo yote katika hesabu. Kwa hiyo niliamua kuinakili video kutoka kwenye CD hadi ndani ya mashine, ili itembee sawasawa, halafu nianze upya. Kunakili kulifika dakika ya tisa kukasimama. Nilitoa CD nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na mkwaruzo mrefu kama unywele.

Niliisafisha kwa pamba, halafu kwa dawa ya meno kama watu wanavyoshauri. Niliipeleka kwa mwenye studio ya picha aliyekuwa na mashine nzuri kuliko yangu. Ilikwama palepale.

Na pale ndipo Mama alipokuwa amefikia jambo lake, mahali nilipokuwa nimeacha nafasi nikidhani ni mashine tu inayokwama. Anatazama moja kwa moja mbele, anasema, "Papa ya batoto, miye sikutaka kuondoka. Weye ndiyo ulinilazimisha. Sasa nakufia huku, mbali na kitanda yangu. Lakini…" Hapo sauti inavunjika kama changarawe, uso unageuka vipande vya mraba, mkono umeinuliwa nusu. Picha ikitulia tena, Mama anawasalimu majirani. Nilipima. Sekunde kumi na nne zilikuwa zimepotea.

Nilizisikiliza hizo sekunde mara nyingi mno. Nilizipunguza sauti, nikaziongeza, nikafunga milango yote. Changarawe tu.

Basi niliyasogeza maneno moja moja hadi yakaendana na kinywa chake, na kwenye ile sehemu nikafanya nilichofanya. Ile sentensi ya kufia mbali sikuiandika. Ile ya kulazimishwa sikuiandika. Mahali pake niliweka: "Sikutaka kuondoka. Lakini nimekusamehe. Ulifanya vile kwa sababu ulinipenda." Nilijiambia kwamba baada ya neno "lakini" mtu hawezi kusema kitu kingine.

Papa aliangalia mchana wa Alhamisi. Alicheka Mama alipolalamika kuhusu baridi ya Butembo. Alilia bila kujifuta. Ilipofika ile sehemu, akainua mkono.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasoma. Akaomba mara ya tatu, kisha akanigeukia.

"Nani aliandika hii?"

Niliandika kwenye daftari: Ni Mama alisema.

"Hapana." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Miaka makumi tatu na moja, hakuniambiaka ile neno hata mara moja. Akisamehe, alikuwa analeta chai. Anaiweka mbele yangu, basi, najua imeisha. Mama yako hasemake 'nimekusamehe'. Alisema nini?"

Nikafungua ukurasa mpya wa daftari. Nikaandika yote: kulazimishwa, kufia mbali, kitanda, lile "lakini", na mkwaruzo. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Weka vile alisema," akaniambia. "Usiongeze."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye phonie. Kaka hakujua chochote. Alikuwa amesimama nje kama Mama alivyotaka. Nilimwomba amtafute mpiga picha, na siku mbili baadaye tukaongea tena. Ile kanda ya mwanzo ilikuwa imekwisha tumika kurekodi arusi. Na yule mtu hakukumbuka maneno. Alisema betri ilikuwa inakaribia kuisha, macho yake yalikuwa kwenye taa ndogo nyekundu.

"À toi," kaka akasema, akinipa zamu. Nilikaa na kile kipaza sauti mkononi mpaka mwenye phonie akakichukua.

Niliandika vile Mama alivyosema. Baada ya neno "lakini" niliacha mahali patupu kwa sekunde kumi na nne. Papa aliangalia mara moja tu, hadi mwisho, hadi majirani wote waliposalimiwa. Kisha akarudisha kiti kwenye meza ya kulia, na hakuniomba tena niwashe mashine.

Aliishi miaka mitano zaidi. Duka lake la chumvi na sabuni, lililovunjwa wakati wa mapigano, hakulifungua tena ingawa ndugu zake walimpa moyo. Mara kwa mara, katikati ya chakula, aliniuliza, "Lakini nini?" kwa ile sauti kubwa ya kiziwi iliyofika mpaka kwa majirani. Mashine iliungua siku moja umeme uliporudi kwa nguvu. Miaka mingi baada ya kumzika Papa niliipeleka CD kwa fundi aliyesifiwa kwamba anaokoa kila kitu. Aliiweka chini ya taa, akaigeuza, akanionyesha jinsi ngozi yake ya fedha, ile inayobeba picha na sauti, ilivyobanduka kwa unyevu. Ukiishika kwenye mwanga, unaona vidole vyako upande wa pili.