Sekunde Kumi na Tano za Nikeli

Katika miaka ya tisini nilikuwa mchovyaji wa nikeli katika karakana moja nyuma ya Biashara Street. Kazi yetu ilikuwa kurudisha, kwa kuchovya katika maji ya nikeli yenye umeme, mng'aro wa mabampa, mabomba na madele ya kahawa yaliyoletwa kutoka Mji wa Kale. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili na nilikaa peke yangu, chumba cha juu, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Jamaa zangu wa bara walidhani nina marafiki wengi mjini Mombasa. Nilikuwa na vitabu saba, vyote vya mtumba, na vitano kati yavyo vilikuwa vya fizikia.

Siku moja mwalimu wa fizikia wa shule moja ya Kizingo alileta pete za darubini zilizoota kutu ya kijani. Alipokuwa akingoja, nilimwuliza jambo nililokuwa nalo kwa muda mrefu. Nikeli huvutwa na sumaku. Je, ukiipunguza unene mpaka ibaki safu moja ya atomi, bado itavutwa?

Hakucheka. Aliketi juu ya debe akaniambia kwamba ndani ya nikeli kila atomi imezungukwa na nyingine, nazo huifanya ielekee upande mmoja pamoja nazo. Ile ya juu kabisa ina majirani chini na ubavuni tu. Juu yake hamna kitu. Safu zikiwa chache mno, hata joto la kawaida linaweza kuzivuruga, na usumaku ukapotea.

"Chache kiasi gani, watu bado wanabishana," alisema. "Ukipata lolote, fundi, njoo nyumbani Jumapili. Hapa sina wa kuzungumza naye mambo haya."

Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kuniambia njoo nyumbani. Niliamua sitakwenda mikono mitupu.

Niliutumia muda wa Ijumaa mchana. Wenzangu wote walikuwa Waislamu, na walipokwenda msikitini mimi nilibaki kulinda karakana. Nilitundika kisumaku kwa uzi wa hariri ndani ya chupa pana, upepo usikiguse, na juu yake nikagandisha kipande cha kioo. Jua lililopenya tundu la bati lilipiga kioo, doa la mwanga likaonekana ukutani. Nikisogeza karibu kitu kinachovutwa, doa lilihama, nami nilipima lilikohamia kwa rula.

Nilichovya vipande vya shaba kwa umeme mdogo sana: sekunde tano, kumi, kumi na tano, na kuendelea. Kwa hesabu yangu kila sekunde iliweka kama safu tatu za atomi. Shaba yenyewe haivutwi, kwa hiyo chochote kilichohamisha doa kilikuwa ni nikeli.

Matokeo yalijirudia kila wiki. Vipande vya sekunde ishirini na zaidi vilihamisha doa. Vya kumi na tano kushuka chini, doa lilisimama palepale. Ilionekana kana kwamba safu za mwanzo hazikuwa na uhai. Niliyaandika yote daftarini kwa wino, nikiamini nimepata lile ambalo watu walikuwa wakibishania.

Mpiga polishi wetu, mzee wa Mji wa Kale, alirudi mapema Ijumaa moja kabla sijaifunika chupa.

"Ala! Wachungulia nini humo? Mna jini?"

"Mna sumaku."

"Afadhali jini, babu. Jini hupikiwa pilau, nasi tukapata kula."

Nilicheka kidogo, nikaifunika. Sikumweleza.

Baada ya miezi minne nilivaa shati jeupe nikaenda Kizingo. Mwalimu alinipa chai, akalisoma daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Kazi safi," alisema. Kisha akaweka kidole kwenye jedwali. "Hizi sekunde kumi na tano za kwanza. Umejuaje kwamba nikeli ilikuwapo?"

"Kwa saa na kwa kipimo cha ampea za umeme, Mwalimu."

"Hizo zinakwambia umeme ulipita. Ulipita ukafanya nini?"

Umeme ukiingia majini unaweza kutoa viputo vya gesi tu, bila kuacha nikeli yoyote. Nilikuwa nikiliona jambo hilo kazini kila siku.

"Hakikisha, halafu urudi," alisema. "Mimi nipo."

Jumatatu, kwa mara ya kwanza, nilimweleza mpiga polishi.

"Vile vipande ulivitoa wapi?" aliuliza.

"Kwenye sanduku lako."

"Vile navipaka mafuta ya nazi, hewa ya chumvi isivitie weusi. Uliyatoaje?"

"Niliviosha kwa magadi."

"Siku gani?"

"Ijumaa, mlipokwenda kuswali."

Alijipiga paja. "Na moto wa pipa la magadi nauzima mimi mwenyewe kabla sijatia udhu! Magadi yaliyopoa yatoa mafuta ya nazi? Mbona hukuniuliza? Miezi minne wanificha chupa kama mtu mwenye mke wa siri!"

Aliyachemsha magadi, akaosha kipande, akakimwagia maji. Maji yalitanda juu ya shaba yote bila kukatika, ndiyo dalili ya usafi. Nilikichovya sekunde tano. Jua lilikuwa bado tunduni. Nilikisogeza karibu na chupa, na doa likahama. Lilihama kidogo sana, lakini lilihama. Tulirudia mara tatu.

"Haya, yavutwa!" alisema kwa furaha. "Si ndivyo ulivyotaka?"

"Sivyo."

Alinitazama, akasema pole, akarudi kwenye gurudumu lake.

Nilichora jedwali jipya. Mstari ulianzia sifuri, umenyooka, kama kitabu chochote kingetabiri. Safu zangu zisizo na uhai zilikuwa mafuta ya nazi: juu yake umeme wa sekunde za mwanzo ulitoa viputo tu. Safu moja ya kweli, ile niliyoiuliza, ilikuwa mbali kabisa na uwezo wa uzi na chupa.

Jumapili iliyofuata nilitembea hadi Kizingo, nusu saa kwa miguu. Niliona lango la mwalimu, nikaona limefunguliwa, nikapita kama mtu aendaye kwingine. Nilijiambia nitarudi nikiwa na jambo la maana la kumwonyesha. Jumapili nyingine nilijiambia hivyohivyo, mpaka aibu ya kukawia ikawa kubwa kuliko aibu ya kukosea, na sikurudi tena.

Sasa nikiyakumbuka maneno yake, naona hakuniambia nirudi na ugunduzi. Alisema nihakikishe, halafu nirudi. Kuhakikisha nilikuwa nimehakikisha.