Beti la Mtani Wangu

Beti zuri la kriketi halichaguliwi kwa macho. Hilo nililikataa mbele za watu, kwa sauti, na aliyenibishia sasa yuko chini ya udongo kule Chanika ya Handeni. Kwa hiyo leo nalisema mwenyewe: alikuwa sahihi, mimi nilikuwa na mdomo tu.

Ilikuwa hivi. Mwalimu mmoja mgeni aliletwa shule moja hapa Korogwe, akaja na sanduku la vifaa vya kriketi vilivyokwishatumika huko vilikotoka. Kinga za miguu, glovu, helmeti mbili zenye kutu kwenye nyavu, na mabeti sita, yale magongo bapa ya kupigia mpira. Jioni alikuwa anaturuhusu na sisi wa mtaani kucheza. Wengi walikuja siku mbili wakarudi kwenye soka. Wawili tukabaki.

Mwenzangu alikuwa Mzigua wa Handeni, amekuja Korogwe kuchomelea mageti. Mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa hapahapa. Babu yangu alikuja kukata mkonge, hakurudi kwao. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatukusalimiana kama watu.

"We mbeba mizigo, umeamkaje?"

"Nimeamka nimeoga. Nyie Handeni maji si mnayaona kwenye kalenda?"

Siku mwalimu alipotuambia kila mmoja achague beti lake, mimi nilijiona profesa. Nilikuwa nimeangalia video mpaka simu inachemka. Hakuna aliyenifundisha, nilijifundisha mwenyewe. Nikamwambia mwenzangu: angalia mistari ya mbao usoni mwa beti, inyooke kutoka juu mpaka chini, iwe mingi. Mbao nyeupe ndiyo mbao. Angalia mgongo uwe mnene. Nikajichukulia moja zuri, jeupe, mistari kama daftari.

Yeye akachukua lile baya kuliko yote. Lina doa la kahawia ubavuni kama chai imemwagika, mistari sita tu, mpini umefungwa mpira wa rangi mbili.

"Hilo kuni," nikamwambia.

Alilishika kwa mkono mmoja tu, ule unaokaa juu kwenye mpini, akalinyoosha mbele, akakaa hivyo mpaka nikachoka mimi ninayeangalia. Halikushuka. Halafu akachukua mpira, akawa anaudundisha taratibu juu ya uso wa beti, kuanzia karibu na mpini kushuka chini, huku amelitegea sikio. Fundi wa kuchomelea yule, alizoea kugonga chuma asikie kama kimeshika.

"Njoo usikilize, mtani. Hapa linasema tu. Hapa linasema tu. Hapa," akagonga sehemu ya chini kidogo ya katikati, "hapa linaitika."

Nikabisha. Nikabisha mpaka mwalimu akacheka. Lakini tulipoanza kupiga, beti langu la kifahari lilinitetemesha viganja mpaka kwenye viwiko, na kuni lake lilikuwa linatoa mpira kama halijaguswa na kitu. Hata sauti ilikuwa tofauti. Langu, *pa*. Lake, *ko*. Sauti safi, fupi, kama mtu anabisha hodi na anajua yuko mwenyeji ndani.

Ile hasira ya kushindwa ndiyo iliyonifanya niharibu. Nilisoma kwamba mbao ya beti inapakwa mafuta isipasuke. Mafuta yanayotajwa huko, hapa kwetu hayapo, na mimi sipendi kusubiri. Handeni kuna ufuta. Mama yake alikuwa amemtumia chupa ya mafuta ya ufuta ya kupikia, nikaichukua, nikalipaka beti lake usoni, mgongoni, nikalisimamisha ndani ya kopo lenye mafuta usiku kucha. Yaani nilitaka kumfanyia wema! Asubuhi limevimba chini, zito kama mtu aliyelala, na sisimizi wamepanga foleni.

Alilinyanyua, akanitazama.

"Mtani, umelinywesha kama mgonjwa."

Hakugomba. Alilikausha kivulini wiki nzima, akasugua msasa mpaka uso ukawa mpya, halafu akaniambia kazi iliyobaki ni yangu. Beti lililofunguliwa uso linatakiwa lipigwe kidogokidogo kwa nyundo ya mbao, masaa mengi, mbao ijikaze kabla ya kukutana na mpira mgumu. Ukiruka hapo, linapasuka. "Umeliumiza wewe, uliponye wewe." Akaniachia beti, kinga zake na glovu, akaenda kwao Handeni kusalimia.

Homa. Siku nne. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Msiba wa Kizigua, mtani ana kazi. Wakati ndugu wanalia, wewe unatania. Unavaa nguo za marehemu, unatembea kama yeye, unamsema vibaya, unawaudhi wafiwa mpaka wacheke bila kutaka. Siyo kukosa adabu. Ni namna ya kumsindikiza. Mtu aliyezikwa bila mtani ni kama ametoka nyumbani na hakuna aliyemfikisha hata njia panda. Na mtani wake nilikuwa mimi. Kila mtu Chanika alikuwa anajua.

Nilifika mikono mitupu. Vitu vyake niliviacha Korogwe makusudi. Mama yake aliponiona akasema, sauti imekauka, "Mtani wake huyo amekuja." Watu wakanigeukia. Wakasubiri.

Nilinyamaza. Mimi, ninayeongea mpaka na redio, nilisimama pale nimekunja ngumi.

Basi akajitokeza Mnyamwezi mwingine, mtu mzima wa kule kwenye mashamba ya mkonge, kuziba pengo. Akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka wampe pilau. Watu wakaanza kuguna kwa kicheko. Alipotoka akachukua fimbo: "Mimi ndiyo marehemu, nacheza ule mchezo wa Wahindi!" Akaishika kama jembe. Mikono imeachana, mguu wa kulia mbele, analima hewa.

Nikampiga kofi.

Mtani hapigwi. Mtoto mdogo anajua. Baba mdogo wa marehemu alinishika mkono akanitoa nje ya makaburi, nikarudi Korogwe siku hiyohiyo, na mwenzangu akafukiwa kimyakimya.

Ndipo ikaanza. Saa kumi alasiri, muda tuliokuwa tunaenda uwanjani, nasikia *ko*. Beti nimeliegemeza pembeni ya kabati, nyundo ya mbao iko chini ya kitanda. *Ko.* Kimya. *Ko.* Nikasema ni seremala wa jirani. Nikatoka kwenda kuangalia, seremala kafunga, kaenda Kerenge kufuata mbao. Nikamwambia bibi yangu ninayekaa naye. Bibi akaendelea kuchambua mchele.

"Mimi nilidhani unagonga wewe," akasema. "Wiki ya pili sasa."

Nikalifunga kwenye blanketi. Nikalihamishia jikoni. Nililigonga kwa nyundo kama nilivyoagizwa, masaa kwa masaa, mpaka kidole gumba kikaota sugu, na nilipoacha, kukakaa kimya kidogo tu. Chumba kilinuka ufuta. Nikagombana na mwalimu, nikagombana na mteja kwenye kibanda changu, nikaacha kwenda uwanjani.

Halafu dada wa marehemu akapiga simu. Hakunisalimia.

"Mama anasema arobaini uje. Anasema umemwacha mtoto wake njiani. Anasema hawezi kuondoa matanga hivi."

"Mwambie mama siwezi."

"Mwambie mwenyewe!" Akakata.

Nilikwenda. Hitima ilikuwa imesomwa, watu wamekula, wanawake wamekaa kwenye mikeka upande wa jikoni. Nikaingia nyuma ya nyumba nikafungua mfuko niliobebea vitu vyake. Kinga za miguu nikazifunga. Za zamani zile, za mikanda na vifungo, na yeye alikuwa anaanza na mguu wa kulia kila siku, nikaanza na wa kulia. Nikachukua glovu, nikasita. Jasho lake lilikuwa limezikaza zikiwa zimekunjika. Vidole vyote bado vimeshika mpini ambao haupo. Kidole kidogo cha kushoto kimejitenga kidogo, kama alivyokuwa anashika yeye. Sikuweza kuingiza mkono mle. Nikaziweka juu ya kinu.

Nikatokea uani, mbele ya watu.

Sikufikiri. Nililishika beti kama yeye, mkono wa juu unabana, wa chini unasindikiza tu. Nikatembea kwa kuvuta mguu, kwa sababu kinga zilikuwa zinampwaya akawa anatembea kama bata. Nikagonga ardhi mara tatu. Nikageuka nyuma kutazama kama mtu aliyeitwa, alivyokuwa anafanya kabla ya kila mpira bila kujua.

Ua mzima ukanikodolea macho. Nikaona nimekosea tena.

"Huyo!" mama yake akapiga kelele. "Huyo! Jamani, si huyo!"

Akacheka. Alicheka akajishika mbavu, machozi yanamtoka, shangazi mtu naye akadakia, "Mbeba mizigo wewe, rudisha beti la watu!" Nikajibu, mdomo ukanifunguka wenyewe, "Nirudishe kwa nani? Mwenyewe kakimbia foleni ya maji!" Kicheko kikapasuka. Yule mtu mzima niliyempiga kofi alikuwepo, akaja akanirushia limau, nikalipiga. *Ko.* Likaruka juu ya paa.

"Rudia," mama akasema. "Mjomba wake amechelewa, hajaona."

Nikarudia. Akaja jirani, nikarudia. Mara ya tatu nilipogeuka kutazama nyuma, ningeapa kuna mtu amesimama karibu na kinu, na sikuigiza tena, niliganda hivyohivyo shingo imepinda. Watu wakacheka zaidi.

Mama ndiye aliyeona kwamba siigizi. Aliinuka, akanishika mkono akanikalisha kwenye kigoda, akapiga magoti kunifungua kinga mwenyewe, kifungo kimoja kimoja.

"Shikamoo, mama," nikasema. Nilikuwa hata sijamwamkia.

"Marahaba." Akavuta mkanda wa pili, ukakwama. "Miguu yako minene. Yeye alikuwa anafunga tundu la mwisho, ona lilivyochakaa."

"Ndiyo, mama."

"Beti nenda nalo, ukacheze. Glovu ziko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye kinu. Hakuzishika kwa juu. Aliziweka juu ya viganja vyake, kwa chini, akaingia nazo ndani polepole ili zisikunjuke.