Mahudhurio ya Mkutano wa Redandasi

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Muuza maharage akiniongezea kikombe bila kuombwa, naanza kutafuta wadudu. Kwa hiyo bosi aliponiita, akafunga mlango na kuniambia nichape karatasi ya mahudhurio, "ila juu acha nafasi, kama vidole vinne," moyo ulinilipuka.

Nilikuwa mpiga chapa wa ghala la mahindi mjini Sumbawanga, miaka ile mashirika yalipokuwa yanauzwa na kila wiki tunasikia habari za mwekezaji mwingine. Redandasi, yaani kupunguzwa kazini, ilishaanza kunukia. Sheria, tuliisikia redioni, ilimtaka mwajiri akae na wafanyakazi kwanza, awaeleze kwa nini anapunguza na kwa vigezo gani, ndipo majina yapangwe. Sasa vidole vinne vya nini?

Sikuuliza. Nilikuwa na watoto wawili na chumba cha kupanga Katandala, nikajiambia kushuku si ushahidi.

Mkutano ulifanyika uani. Bosi alieleza hali ngumu ya uchumi, akaagiza chai na maandazi, na karatasi ikazunguka. Watu walisaini bila kusoma. Miaka yote ya mikutano ya tawi la chama ilitufundisha hivyo: ukikaa kikao unasaini, usije ukaandikwa mtoro. Mzee wa mizani, aliyetoka Wampembe akiwa kijana na kupima magunia pale kabla yetu sote, alishika kalamu kisha akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyechapa hii. Haina neno?"

"Haina neno, baba. Ni mahudhurio tu."

Akasaini.

Siku mbili baadaye bosi alinirudishia karatasi ileile. Nikaiingiza kwenye mashine, nikachapa alivyonisomea: kwamba sisi tuliosaini tumeshirikishwa na tumekubali majina yaliyopendekezwa. Maneno yalienea pale juu sawasawa. Nilijichukia, lakini sikukosea hata herufi. Ijumaa majina yakabandikwa mlangoni. La mzee lilikuwa la pili, na vijana walioajiriwa juzi tu wamebaki. Mimi pia nilibaki.

Mzee hakupiga kelele. Alikwenda kwa ofisa wa kazi, na wiki iliyofuata tukaitwa. Bosi akaweka karatasi mezani kwa raha zake. Ofisa akaisoma, akamwuliza mzee mbona alikubali mwenyewe.

"Nilipokuwa nasaini, pale juu palikuwa peupe, mheshimiwa."

Bosi akacheka, akasema mzee amesahau. Ofisa akanigeukia mimi, kwa kuwa mashine ilikuwa yangu. Niliogopa kweli.

"Palikuwa peupe," nikasema. "Maneno niliyachapa mimi, siku mbili baada ya mkutano. Nafasi niliambiwa niiache."

Ofisa akaikataa orodha, akaamuru mkutano uitishwe upya na vigezo viwekwe mezani kwanza. Nje, wenzangu walinipa mikono, mmoja mmoja. Mzee alisubiri mpaka wakaisha.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku tu, baba."

"Mimi sikushuku," akasema, "kwa sababu nilikuwa nimekuuliza wewe."