Sikio Mlangoni

Fundi simu wetu wa Sindeni hashiki simu ya mtu kabla hajafuta mikono kwenye suruali, na akiifungua huiambia "pole", kama mgonjwa. Nilimpelekea simu yangu wakati mtamba wetu, ng'ombe jike ambaye hajazaa, alipopotea. Nilikuwa nimeweka mtandaoni picha ya siku alipokatwa sikio, kwa kuwa sisi wafugaji kila ukoo una mkato wake, na kwa mkato huo ng'ombe hutambulika. Mashine ya mtandao ikaona damu, ikasema ni ukatili, ikaifuta. Fundi akaomba iangaliwe upya. Jibu likarudi hata hajameza mate: hapana. Akaguna. "Huyo hajawahi kuchunga," alisema. Kisha akafuta maneno yote ya biashara yake mlangoni, akachora kwa chaki sikio lile na mkato wake, kubwa kama sinia. "Dada Sinyati, hapa watapita wenye macho." Akapita mama mmoja wa Kwaluguru, muuza mahindi, akalitambua sikio: mtamba alikuwa amejichanganya na ng'ombe wa jirani yake. Nilipompelekea fundi maziwa ya shukrani, sikio letu halikuwepo tena. Alikuwa ameinama mlangoni, chaki mpaka kwenye nyusi, anachora la mbuzi wa mtu mwingine.