Usifungue mpaka nije

Jamani, mimi hili halijaniingia kabisa. Zuhura amekufa? Zuhura huyu huyu wa kwangu?

Mnaonifuata huku mnamjua. Ni yule dada wa ushungi wa bluu kwenye video zangu za mboga kavu, anayecheka mpaka picha inatikisika. Alikuwa anafundisha chuo, kule juu mlimani.

Kwetu Nkuhungu chuo kilikuwa taa tu. Unaziona jioni ukianua nguo, basi. Yeye ndiye aliyekishusha mpaka uani kwangu.

Siku ya kwanza alimwamkia mama mkwe wangu shikamoo mpaka goti likagusa vumbi. Mama mkwe akamwitikia, halafu akamchana: "Nyie wa chuo mnakujaga, mnauliza, mnapotea. Wewe umekuja kuuliza nini?"

"Nimekuja kula, mama."

Akala ugali wa mtama na mlenda mkavu, na mchanga akautafuna humo humo bila kununa. Sisi tulikuwa tunaanika chini, na upepo wa Dodoma mnaujua.

Kilichotushangaza ni kwamba alirudi. Alikuja na mchoro, akaupeleka Kizota kwa fundi Sudi anayechomelea mageti. Wakatoa kabati la kukaushia mboga, la bati jeusi, kioo juu, na feni ndogo inayozungushwa na sola. Yeye aliliita prototype. Sisi tukaliita kabati.

Lakini walipaka rangi ya mafuta mpaka ndani, wakalileta haijakauka vizuri. Mlenda wote ukanuka geti! Siku hiyo Zuhura alipika mwenyewe, na chakula cha mgeni aliyekupikia unakikataaje? Tukawa tunatazamana, kila mtu na tonge lake. Mama mkwe akaonja, akaweka tonge chini taratibu.

"Mwanangu, hii mboga imebaki kufungwa kitasa tu."

Mungu wangu, alivyocheka yule dada! Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ushungi. Kesho yake yuko Kizota na fundi, wanakwangua rangi, kucha zote nyeusi. Mwalimu wa chuo!

Toka hapo majirani wakaanza kuleta mboga zao kwangu. Maduka ya mjini yakaanza kuuliza. Fundi Sudi akachukua vijana wa kumsaidia. Zuhura akaniambia, "Mama Tumaini, hii ndiyo kazi ya chuo. Thesis ikikaa kwenye shelfu haikaushi hata bamia."

Alikuwa na mchezo wake, hafungui kabati bila kuligonga bati na kusema "Hodi humo ndani!" Mwanangu Tumaini anaitikia, "Karibu, anti!"

Msimu huu zabibu za mama yangu zimekosa mnunuzi. Zikaanza kulainika zikiwa shambani, mama akaanza kusema atang'oa mizabibu yote apande alizeti. Zuhura akasema leteni, tujaribu kuzikausha bila kufungua kabati hata mara moja, maana kila nikichungulia naingiza vumbi. Zikitoka safi, fundi Sudi anamalizia kabati kubwa kwa ajili ya wakulima. Zikiharibika, project imeishia hapo.

Nilipozipanga ndani, akanitumia voice. Ninayo hapa. "Nakujua wewe, mchunguliaji. Usifungue mpaka nije. Ukifungua nakuona, hata nikiwa chuo nakuona!" Halafu kile kicheko.

Hakuja. Homa ilimlaza, akalazwa hospitali, hakutoka.

Fundi Sudi alinipigia asubuhi. Mimi kwa akili za kwetu, ndugu wa mbali wanasubiriwa, mwili unaagwa, ndipo tunazika. Nikamwogesha mtoto, nikapita kutafuta sukari ya kupeleka msibani. Nafika kwao, mtaa wa Kikuyu hapa hapa Dodoma, wanaume wanarudi makaburini na udongo kwenye viatu. Wenzetu Waislamu hawamcheleweshi maiti, na mimi nilisahau.

Sikumuona. Nadhani ndiyo maana moyo unanidanganya.

Fundi Sudi akanifuata pale pale msibani. "Shemeji, lile kubwa nimechomelea miguu tu. Niendelee au nilivunje?"

Tangu siku hiyo, asubuhi jua likigusa sola, feni inaanza kuvuma, na Tumaini anakimbilia mlangoni. "Mama, anti kaja!" Wingu likipita inanyamaza, kama mtu amebana pumzi. Jua likirudi, inaendelea. Nimekuwa naogopa kupita uani kwangu mwenyewe. Nikishika komeo la kabati nasikia "nakuona". Naliachia.

Jana nilirudi Kikuyu kukaa na mama yake Zuhura. Akaniangalia sana. "Wewe ndiye yule mchunguliaji?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kafungue, mwanangu. Alikwambia umsubiri kwa sababu alijua anakuja. Sasa haji. Usimwachie kazi yake ndani."

Leo nimeligonga bati. Nikasema, "Hodi humo ndani." Hakuna aliyeitikia. Tumaini kanishika kanga.

Nikafungua.

Harufu tamu ikanipiga usoni. Hakuna rangi, hakuna vumbi. Zimejikunja, nyeusi, zinang'aa. Tumaini akatafuna ya kwanza, akaniuliza, "Na anti tumwachie?"

Nililia hapo hapo chini.

Mama yangu nimempelekea, kala, halafu kasema mizabibu ibaki. Na fundi Sudi nimemtumia neno moja tu: chomelea.

Zuhura, uliniona? Nimefungua bila wewe, dada yangu, na zimekauka vizuri. Bakuli la kwanza nampelekea mama yako.

Sasa hivi ninapoandika, kabati ni tupu na feni bado inazunguka. Mlango nimeuacha wazi. Ukipita, usipige hodi.

Lala, Zuhura. Lala pasipo na vumbi.