Fundi wa Nyuma ya Ukuta

Baba mkwe alinitengenezea gari kwa miezi mitatu bila kuniona uso.

Kwao Rungwe, kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutani macho, hawasalimiani, hawapishani hata mlangoni. Siku hizi wengi wameacha. Yeye hakuacha. Alipokuja kwetu Mbeya kutibiwa macho, nyumba yetu ya vyumba vitatu ikawa na mipaka: sebule yake, jiko langu. Nikitaka kwenda chumbani nakohoa mara mbili, naye anageukia ukutani mpaka nipite. Akisinzia asisikie kikohozi, nazunguka nje na kugonga dirisha ili mume wangu anifungulie mlango wa nyuma. Mimi ni Mhehe. Kwetu Iringa wakwe tunawaheshimu sana, lakini hatulowi mvua kwa ajili yao. Nilizoea kulowa.

Gari lenyewe nililipata mitumbani Mwanjelwa, kwenye rundo la midoli. Lilikuwa la rimoti, la mbio za lami, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, tairi zote nne zinavuta. Mimi ni mwalimu wa jiografia na sikuwa na sababu yoyote ya kulinunua. Nililikimbiza kwenye korido ya shule wanafunzi walipokuwa wameondoka, likagonga mlango wa mkuu wa shule, nikajua nimepatikana. Halafu nikasikia kwamba Iringa kuna watu wazima wanashindana na magari ya namna hiyo kwenye uwanja wa kikapu nyuma ya ukumbi wa kanisa. Nikataka kwenda.

Tatizo gari lilikuwa la bei ya chini na lilijua hivyo. Ekseli zilizungukia kwenye bushi za plastiki, shokapu zilikuwa springi tupu, na kwenye kona lilikuwa linajikunja kama mgonjwa wa tumbo. Jioni moja nilikuwa naliwasha na kulifungua mezani jikoni, mume wangu akaingia, akasimama kwa namna ya mtu aliyetumwa.

"Baba anauliza hiyo mashine inayolia ni nini."

"Mwambie ni gari la kuchezea."

Akatoka, akarudi. "Anasema siyo la kuchezea. Anasema gia za difu yake zimelegea, anazisikia toka kule."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba baba mkwe alikuwa fundi wa malori maisha yake yote, yale yaliyokuwa yanashusha tumbaku kutoka Chunya kwenye vumbi la kufika magotini. Macho yalikuwa yamefifia lakini masikio yalikuwa mazima. Nikalipeleka gari mpaka kwenye kizingiti, nikaliweka chini, nikakohoa, nikarudi nyuma. Mkono ukatokea, ukalichukua.

Tangu siku hiyo tukawa na gereji yenye ukuta katikati. Yeye anapapasa, anasikiliza, anatoa hukumu, mume wangu analeta, mimi natekeleza.

"Baba anasema bushi zitoke, ziingie beringi."

Nikaagiza beringi ndogo kama vifungo vya shati.

"Baba anasema difu ijazwe grisi nzito, nguvu isikimbilie tairi moja."

Nikajaza.

"Baba anasema tairi za mbele zinakula ndani. Na anauliza wewe ulifundishwa na nani kufunga skrubu."

"Umwambie sikufundishwa."

"Nimeshamwambia. Amesema inaonekana."

Tukabadilisha shokapu, tukaweka za mafuta. Mafuta yake halisi yalichelewa njiani, hivyo nikatia samli niliyonunua kwa mama mmoja wa Usangu. Mchana gari lilitulia kama bibi harusi. Kulipokucha, kwa baridi ya Mbeya, samli iliganda, na gari likawa linaruka kwenye kila punje ya mchanga kama chura. Baba mkwe alicheka sebuleni mpaka akakohoa. Mimi nikadhani anataka kupita, nikageukia ukutani na mwiko mkononi, nikakaa hivyo kwa muda mrefu kabisa.

Ushauri wake wa mwisho ndio ulionitisha. Betri ilikaa upande wa kushoto, kwa hiyo gari lilielemea huko. Wanaojua mchezo wanabandika vipande vya madini ya risasi upande wa pili. Baba mkwe hakutaka kusikia habari za risasi.

"Anasema gari ni la kubeba," mume wangu alisema. "Anasema libebe mchele."

Nikashona kijimfuko cha kanga, nikakijaza mchele wa Ubaruku kiasi cha kikombe cha chai, nikakifunga kulia. Likasimama sawasawa.

Siku ya mashindano alitangaza kwamba anakwenda. Fundi haachi gari lake. Basi mume wangu akatundika kitenge ndani ya gari letu, kati ya viti vya mbele na vya nyuma, tukaondoka, wao mbele, mimi nyuma na kagari kangu mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Njiani, Nyololo, palikuwa na ukungu, na mimi na baba mkwe sote tulitaka kwenda msalani. Mume wangu alisimama katikati ya njia kama trafiki, mkono mmoja unanizuia mimi, mwingine unamwita baba yake. Wauza viazi waliacha kuuza wakatutazama.

Iringa tulikuwa washindani sita. Bingwa alikuwa daktari wa meno mwenye gari la bei mbaya na sanduku la vifaa vinavyong'aa kuliko vya kliniki. "Kamwene, mwalimu," alinisalimu kwa adabu, akaliinamia gari langu. Akanusa. "Hii ni samli?"

"Ni ya zamani," nikasema.

Baba mkwe aliwekwa nyuma ya kona ya ukumbi, kando ya tenki la maji, asinione nisimwone. Mume wangu alikimbia kati yetu.

"Baba anasema usikanyage sana kwenye kona ya pili!"

Kona ya pili nilikuwa nimeshaipita mara tatu. Gari langu lilishika lami ya uwanja ule nisivyotegemea. Nilikuwa wa nne, halafu wa tatu. Halafu shafti ikakisaga kile kijimfuko, na mchele ukaanza kumwagika.

Ulimwagika kwa mstari mzuri, kwenye njia ileile ambayo kila mtu aliipenda. Gari la kwanza lililokuwa linakaribia kunipita raundi lilikuwa la daktari. Lilipanda ule mchele, likazunguka, likaingia kwenye ndoo ya deki. Mawili yakafuata, la nafasi ya pili likiwemo, yakabebana, na mpaka yanainuliwa mimi nilikuwa nimeshazunguka raundi nzima. Kuku wa jirani, ambao walikuwa wametulia muda wote, wakaingia uwanjani kama waliosajiliwa.

"Wewe ndiye wa kwanza!" mume wangu akapiga kelele, na hayo hayakuwa maneno ya baba.

Nikafurahi kwa sekunde mbili. Gari, lililokuwa jepesi sasa upande wa kulia, likalala kwenye kona, likapinduka, likateleza kwa mgongo mpaka nyuma ya ile kona ya ukumbi, kwenye tenki. Nikakimbia nikiwa na rimoti mkononi. Nilifikiria gari tu. Na yeye, aliyelisikia likija, aliinama kuliokota, akifikiria gari tu.

Tukagongana vichwa.

Nikainua uso. Alikuwa mzee mwenye umbo dogo kuliko sauti yake, ana nyusi nyeupe, ameshika paji la uso. Tukatazamana. Mdomo wake ukafunguka, na kwa kuchanganyikiwa akasema:

"Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu.

Mume wangu, aliyekuwa amenifuata mbio, akakaa chini, palepale kwenye majimaji ya tenki.

Nilitaka ardhi inimeze. Kwa mila tulikuwa tumeharibu, na kwa Kiswahili tumeharibu zaidi. Baba mkwe akatazama chini, akaligeuza gari likasimama kwa tairi zake, akapitisha kidole upande wa kulia.

"Shafti imekula mfuko," alisema.

"Ndiyo, baba. Nilishona karibu mno."

"Sasa unasimama nini? Rudi barabarani!"

Nilirudi. Nilimaliza wa tatu, maana daktari alilitoa gari lake ndooni likidondosha matone, akanitangulia, na mwingine alinipita kuku walipokuwa wamelizingira gari langu. Baadaye kamati ilikaa, ikaandika kanuni mpya kwamba ni marufuku gari kubeba nafaka. Daktari wa meno ndiye aliyependekeza, lakini alimfuata baba mkwe kando akamuuliza habari za difu, na nikamwona anaandika.

Kuhusu ile mila, hatukuizungumza. Macho yalipopona alirudi kwake Rungwe. Akipiga simu sasa anamwambia mwanawe, "Mpe huyo fundi," nami napewa. Wiki iliyopita alitaka niliwekee gari honi. Nikamwambia magari ya mbio hayana honi, baba. Akauliza kuku watajuaje kwamba linakuja.